Masikio yananilia tangu shoo ya mwezi uliopita, na shoo nyingine inakuja. Niende?

Mpenzi wa Besi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri. Wenye utani pia karibuni, ila mtani aje na jibu.

Nipo Mtwara mjini, baba wa familia, umri umeshaingia kwenye arobaini. Sigusi uraka, ile pombe ya mabibo, bia sinywi, mikeka ya kubashiri mpira siijui. Starehe yangu ni muziki wa kupigwa mbele ya macho yangu. Huku kwetu mnajua utaratibu: minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba na hela zikianza kuingia kwenye akaunti za wakulima, ndipo wasanii wa Dar nao wanakumbuka kwamba Kusini kuna watu. Kuanzia hapo mpaka karibu na mwaka mpya, mabango hayabanduki ukutani. Miezi mingine tunakaa kimya tukisubiri.

Nimekulia kwenye nyumba ya kanda za bendi za Msondo na Sikinde, lakini sichagui. Singeli naenda, taarabu naenda, Bongo Fleva naenda. Nikisikiliza kwenye simu, wimbo ni wimbo tu. Uwanjani gitaa la besi linapita kifuani kabla masikio hayajapata habari. Ndiyo maana huwa nasogea mpaka karibu kabisa na spika, na watu wangu wakinitafuta wanajua nitakuwa upande gani.

Sasa basi. Mwezi uliopita kulikuwa na shoo moja kubwa, nikasimama pale pale ninapopenda mpaka taa zikawashwa. Kurudi nyumbani, mama watoto ananisemesha namuona midomo tu. Nikalala. Asubuhi kuziba kukawa kumetoka, lakini kumebaki mlio mwembamba, tiiiii, kama nyenze aliyejificha darini. Mchana mtaa ukiwa na shughuli zake siusikii. Usiku watu wakilala ndio unaanza, na haukatiki.

Mama watoto anasema pia nimekuwa naongeza sauti ya TV hadi majirani wanafuatilia tamthilia bila kulipia king'amuzi.

Kuna shoo nyingine inakuja na tiketi nimeshakata, ya mbele kabisa. Nyumbani wamenipigia marufuku. Rafiki zangu wanasema ni kawaida, itapotea yenyewe. Naomba kujua: hii kitu inatibika? Niende au tiketi nimpe mtu? Na mtu anayeishi kwa ajili ya muziki akiambiwa akae mbali na muziki, anafanya nini jioni?

Kijana wa Chuno

Mkuu, masikio yakilia baada ya shoo maana yake hela yako haikupotea. Yasipolia ndio udai kiingilio.

Mama Mikindani

Pole sana baba. Pasha mafuta ya nazi na punje ya kitunguu saumu, yakiwa vuguvugu dondoshea matone kila sikio, uzibe na pamba. Bibi yetu alikuwa anatufanyia hivyo na tulipona.

Tabibu wa Zahanati

Mama yangu, shikamoo, na nisamehe kwa hili nitakalosema: asidondoshee kitu chochote. Mafuta yanaweza kulainisha nta, na kama tatizo ni nta mtu atapata nafuu na kusifia kitunguu. Lakini mlio wa baada ya makelele haukai kwenye njia ya nje ya sikio. Upo ndani kabisa, kwenye sehemu yenye umbo la konokono, ambako kuna chembe zenye vinyweleo vidogo sana. Sauti ikifika, vinyweleo vinatikisika na chembe zinapeleka taarifa kwenye ubongo. Sauti kubwa mno inavichosha. Vikichoka kidogo vinajirudi, ndiyo maana watu wengi hulala na mlio wakaamka hawana. Zile chembe zikifa hazioti tena, kwa binadamu hakuna dawa ya kuziotesha. Na kama ngoma ya sikio imetoboka bila wewe kujua, mafuta na kitunguu yataleta balaa jingine.

Mwanzisha uzi, nijibu haya kabla sijasema zaidi. Mlio upo sikio moja au yote? Unapata kizunguzungu? Sikio linatoa usaha au linauma? Umetumia kwinini karibuni, au sindano za jenta (gentamaisini, dawa ya kuua bakteria), au aspirini nyingi? Hizo zote zinaweza kuleta mlio; waliowahi kutundikiwa dripu ya kwinini wanaujua vizuri. La mwisho, unafanya kazi gani?

Mpenzi wa Besi

Asante daktari. Ni yote mawili. Kizunguzungu hakuna, usaha hakuna, dawa sijatumia. Kazi yangu ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti, madirisha na vitanda. Ila kazini sijawahi kupata shida ya masikio, shida imekuja na shoo.

Fundi Mitambo

Subiri kwanza. Unachomelea? Na grinda, ile mashine ya kukatia chuma, unashika mwenyewe?

Mimi kazi yangu ni kufunga mitambo ya muziki, harusi, mikutano ya kampeni, matamasha. Ngoja nikupe hesabu tunayoitumia. Sauti inapimwa kwa desibeli. Kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini wanakubali ni 85 kwa saa 8. Ukiongeza 3 tu, muda wako unakatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa moja, 97 nusu saa, 100 dakika 15. Watu wanadhani kutoka 97 kwenda 100 ni kitu kidogo. Kwa sikio ni mara mbili ya nguvu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kumbi za muziki: wastani usizidi 100 ndani ya dakika 15. Mbele ya spika zetu hapa Bongo sijui nani amewahi kuusoma.

Sasa grinda. Ikizunguka bure tu tayari inachukiza. Ikigusa bomba au bati inapita 95 kirahisi, na mara nyingi inagonga 100. Wewe unaishika karibu na kifua, hapo hakuna umbali wa kukuokoa. Na kibanda chako bila shaka kina mabati juu na pembeni, kelele inagonga inakurudia. Kwa mwaka shoo unaenda za kuhesabika. Grinda ipo mkononi Jumatatu hadi Jumamosi. Kaka, shoo imemalizia kazi ambayo mtu mwingine alikuwa ameianza.

Kuhusu kusimama pembeni ya spika, hilo linaniuma kama mtu wa fani. Pale husikii muziki, unasikia spika. Besi inakusukuma, mwimbaji humpati, magitaa yanapotelea hewani. Tafuta meza ya miksa, ile ya kuchanganyia sauti, iko wapi. Huwa tunaiweka katikati ya watu, mbali kidogo na jukwaa, kwa sababu yule mpiga mitambo anarekebisha kila kitu kulingana na anachosikia masikio yake mwenyewe. Simama karibu naye. Utasikia wimbo jinsi ulivyokusudiwa. Kwa spika ya kawaida kwenye uwanja wa wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6. Kutoka mita 3 hadi 12 umeshuka 12. Rudi kwenye ile hesabu ya muda uone umepata saa ngapi za bure.

Mzee wa Ndundu

Vijana mmenikumbusha mbali. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, bendi ikitaka kuja Kusini ilivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika wakikwama barabarani wanakwama pamoja na vyombo vyao. Ilipofika, mji mzima ulikuwa ukumbini. Na Kusini hatukuwa wa kupelekewa muziki tu. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilikuwa inaitikisa Dar, na sindimba ya Wamakonde imechezwa nchi nzima.

Ninachotaka kusema, ukumbini tulikuwa tunaongea. Unamshika mwenzio kiuno, unamnong'oneza, anasikia, anacheka. Tarumbeta zikiingia unajua zimeingia. Siku hizi mtu anakwenda kwenye muziki na mkewe, wanarudi hawajasemeshana neno usiku mzima. Huo mimi nauita uonevu.

Kijana wa Chuno

Mzee wangu shikamoo, ila singeli ya kunong'onezana hiyo itakuwa maulidi 😂

Mzee wa Ndundu

Marahaba. Hata ngoma za unyago zina kelele, mjukuu, lakini ngoma ya ngozi inapigwa na mkono wa mtu, na mkono unachoka. Jenereta lako halichoki.

Binti wa Lindi

Nyie angalau mnalipa kiingilio, sisi tunapelekewa bure. Nipo Lindi mjini, jirani yetu akiwa na shughuli anafunga spika uchochoroni zikiangalia dirisha letu, mpaka vikombe vinacheza kabatini. NEMC, lile baraza la mazingira, wana kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, lakini nani ataenda kumshtaki jirani ambaye kesho atakusaidia msibani?

Nilichofanya nilinunua vile vizibo vya masikio vya sponji. Mwanzisha uzi, nikupe uzoefu kwa sababu najua utavijaribu siku moja na kuvitupa. Kwanza, watu wengi hawajui kuvivaa, wanavichomeka nusu nusu. Unaviringisha kwa vidole mpaka kiwe chembamba, mkono mwingine unapitisha nyuma ya kichwa unavuta sikio juu na nyuma, unaingiza, unashikilia mpaka kivimbe. Pili, vinakata sana sauti za juu kuliko besi, kwa hiyo muziki unakuwa mzito, kama unasikiliza kutoka nyumba ya pili. Wapo wanaotengeneza vizibo vya wanamuziki, vinapunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana na wimbo unabaki na sura yake. Bei imechangamka na sijaviona madukani huku, mtu wa Dar au anayeagiza mtandaoni ndiye atakusaidia. Pamba na karatasi ya chooni usijidanganye navyo.

Kwenye kazi yako ya geti, sponji inakutosha kabisa. Grinda haina utamu wa kupoteza.

Tabibu wa Zahanati

Fundi Mitambo na Binti wa Lindi wamenipunguzia kazi. Mimi naongeza ya hospitali.

Mlio uliokaa mwezi mzima, tena na TV inaongezwa sauti, unatakiwa kupimwa. Anzia hospitali ya Ligula, au nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, ulizia kliniki ya masikio, pua na koo. Wataangalia kwanza kama kuna nta au tundu, kisha uombe kipimo cha usikivu: unavalishwa visikilizio, unapigiwa sauti za juu na chini, unaonyesha ukisikia. Mahali ambapo kelele imeshakula huwa panajulikana, sauti za juu ndizo zinaanza kudondoka. Kipimo hicho mwakani utakilinganisha na kingine ujue unashuka au umesimama.

Na wengine mnaosoma mtofautishe: ukiamka sikio moja halisikii ghafla, usikae nyumbani ukisubiri. Hiyo ni ya siku hiyo hiyo, kuna dawa zinazoweza kuokoa usikivu lakini zinataka kuwahi. Wiki kadhaa zikipita, uwezekano umepungua sana.

Usiku usilale kwenye kimya kabisa. Washa feni au redio kwa chini sana. Ubongo ukiwa na kitu kingine cha kusikiliza unauacha ule mlio. Kwa watu wengi haupotei wote, lakini wanafika mahali hawaujali.

Muziki sikukatazi. Nina wagonjwa walioacha kwenda harusini kwa hofu ya masikio, wakabaki nyumbani wanausikiliza mlio peke yake. Huo nao ni ugonjwa.

Mpenzi wa Besi

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Fundi Mitambo, leo nimejaribu jambo. Nimepakua ile programu ya simu ya kupimia kelele, najua si kipimo cha uhakika. Nikamwambia kijana anayenisaidia akate bomba, mimi nimesimama pembeni na simu. Namba imepanda hadi 101. Tukatazamana. Kijana ana miaka kumi na tisa na anashinda hapo na mimi kutwa.

Kwa hiyo ratiba iko hivi. Jumatatu Ligula. Shoo naenda, mazungumzo na mama watoto yalikuwa marefu lakini ameridhia kwa sharti kwamba twende wote na yeye ndiye anachagua pa kusimama. Tiketi ya mbele nimembadilishia jamaa mmoja kwa mbili za kawaida, naye kafurahi mno, nimemwambia habari za masikio akacheka. Nitamtafuta yule mtu wa miksa.

Bado kitu kimoja. Vizibo vya sponji nimevipata duka la vifaa vya ujenzi, lakini kijana anavitoa kila baada ya muda, anasema vinamshinda kuvishika kwa vidole na vinadondoka kwenye vumbi la chuma. Nataka vile vya kufunika sikio zima kama wanavyovaa watu wa bandarini. Mwenye kujua duka linalouza hapa Mtwara, au hata Masasi, anitajie na bei, tafadhali. Viwili, kimoja changu.