Plasta inabanduka nyumba ya mawe Mikindani, nipake rangi gani?

BintiMasasi: Wakuu habari za jioni. Nimeolewa Mikindani, tunaishi nyumba ya mawe ya ukoo wa mume wangu. Nimeacha biashara nikae nyumbani niitengeneze, na nimenuia iwe ibada. Plasta ya sebuleni inavimba, inatoa unga mweupe na kubanduka toka chini hadi usawa wa kiuno. Rangi gani inazuia unyevu? Mawifi wanasema nyumba imenikataa.

FundiChokaa: Dada, hakuna rangi ya hivyo. Plasta ni ya chokaa au saruji?

Ustadh_Lindi: Nyumba haimkatai mtu, na nia yako ina thawabu. Ila mirathi imegawanywa? Kama bado, ukoo uteue msimamizi, athibitishwe Mahakama ya Mwanzo, na warithi waridhie matengenezo kwa maandishi. Sasa hivi pesa yako inaingia kwenye fungu la watu.

BintiMasasi: Bado, ila mume wangu kasema tuendelee. Plasta ni saruji. Jamani saruji si ndiyo imara? Na fundi tumeshamlipa aje apige chumba cha pili.

FundiChokaa: Msimamishe. Mawe ya matumbawe yananyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi. Chokaa inayaachia yatoke, saruji inayafungia, basi yanazidi kupanda na chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Bandua saruji yote hadi kwenye jiwe, kwa patasi na nyundo ndogo, uvuke nusu mita juu ya alama ya unyevu. Ile chumvi ifagie kwa brashi kavu. Ukiiosha inarudi ndani. Ukuta uache wazi hadi mvua ziishe, Mei hivi.

Chokaa ya mawe, yaani mabonge yaliyochomwa ambayo hayajaguswa na maji, itie kwenye pipa lenye maji, kidogo kidogo. Usimwagie maji juu ya chokaa, inachemka na kuruka machoni. Chuja, iache chini ya maji miezi 3. Debe 1 la chokaa kwa madebe 3 ya mchanga mkali wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi. Lowesha ukuta, kila tabaka lisizidi sentimita 1, funika magunia mabichi wiki nzima. Jua likiliwahi, linapasuka.

BintiMasasi: Ahsante sana kaka. Sebule ni mita 5 kwa 6, niandae madebe mangapi?

Mzee_wa_Shangani: Hii chai. Boriti za mikoko zinavuka mita 2 na nusu, zikizidi sana 3, ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba na virefu. Sebule ya mita 5 chini ya boriti hakuna. Umetunga.

BintiMasasi: Wallahi sijatunga. Vilikuwa vyumba viwili, fundi akatoa ukuta wa kati wageni wa futari wapate nafasi. Aliweka mbao ya inchi 2 kwa 6 ishike boriti. Kuna ufa mdogo tu juu ya mlango. Mume wangu alifanya kwa kunipenda, siwezi kumwambia kakosea.

FundiChokaa: Dada, acha habari ya plasta. Ukuta huo ndio uliobeba ncha za boriti za pande zote mbili, na juu yake kuna sakafu ya mawe na chokaa, mzigo wa tani. Leo hii watu watoke sebuleni na chumba cha juu yake. Simamisha mirunda (nguzo za miti) pande zote mbili za mbao ile, kila mita 1. Chini laza ubao isizame, juu ubao mwingine, gonga kabari hadi ikaze tu, usilazimishe dari ipande. Kwenye ufa paka jasi nyembamba, andika tarehe. Ikipasuka, dari bado inashuka. Kisha mwite mhandisi wa halmashauri aseme ukuta urudishwe vipi.

Mzee_wa_Shangani: Niwie radhi binti yangu. Mwonyeshe mumeo uzi huu wote, hasa hesabu ya mita. Futari iandaliwe barazani.

BintiMasasi: Kausoma, yuko hapa. Anauliza mirunda unene gani?

FundiChokaa: Sentimita 10 kwenye ncha nyembamba, isipungue. Iliyonyooka, isiyo na mchwa.