Naomba ushauri: mama yupo katikati ya tiba ya mionzi, ndugu wanasema inamaliza kinga yake ya mwili

Binti wa Mpwapwa (mleta mada):

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Dodoma. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 58, anatibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambako anapigwa mionzi ya nyonga Jumatatu hadi Ijumaa na kutundikiwa dripu ya sisplatini (dawa ya kuua seli za saratani) mara moja kwa wiki. Wikiendi hii amekuja nyumbani kwa treni ya mwendokasi, akiwa na majibu ya picha kamili ya damu. Kwenye mstari wa limfosaiti imechapwa herufi L, kuonyesha kwamba chembe hizo nyeupe zipo chini ya kiwango.

Baba mdogo na shangazi wameiona karatasi hiyo na wamekata shauri kwamba mionzi inamuua taratibu. Wanataka asirudi Jumatatu, bali abaki Mpwapwa akinywa unga wa mizizi wa kuongeza kinga mpaka damu ipande. Sikubaliani nao, ila sina maelezo ya kuwapa wazee wakanielewa. Je, mionzi inaifanya nini hasa kinga ya mwili, na kusubiri kuna hatari gani?

Muuguzi Mstaafu:

Pole kwa kuuguza, mwanangu. Wazee wako hawajakosea kuona kwamba chembe zimeshuka. Walipokosea ni katika hatua wanayotaka kuchukua.

Limfosaiti ni miongoni mwa chembe za mwili zinazodhurika upesi zaidi kwa mionzi, kiasi kwamba hata dozi ndogo huziua. Mashine inalenga nyonga tu, lakini damu haitulii mahali pamoja, hivyo kila siku ya tiba kuna chembe zinazopita hapo wakati mionzi inawaka. Pia, kwa mtu mzima sehemu kubwa ya uboho unaotengeneza damu imo katika mifupa ya nyonga na uti wa mgongo, ndiyo maana anayepigwa mionzi ya nyonga hushuka damu kuliko anayepigwa, tuseme, mkononi. Ongeza na sisplatini, ambayo nayo hugusa uboho. Kushuka huko kunatarajiwa, na ndiyo sababu mama anapimwa damu mara kwa mara.

Katika karatasi hiyo tazama pia mstari wa nyutrofili, kwa kuwa hizo ndizo askari wa mbele dhidi ya bakteria. Zikishuka sana, daktari anaweza kuahirisha dripu ya sisplatini huku mionzi ikiendelea. Uamuzi huo ni wake, si wa kikao cha ukoo. Nunueni kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38, mama apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, wala msimpe dawa ya kushusha homa mkasubiri kupambazuke.

Mwanafunzi wa Tiba, Dodoma:

Naomba niongeze upande ambao ndugu wengi hawausikii. Mionzi hukata vinasaba vya seli za saratani, na seli hizo zinapokufa humwaga vipande vyake na kutoa ishara za hatari. Ni kama mwizi aliyekuwa amejificha kijijini akapigiwa yowe: seli za ulinzi huokota vipande hivyo, huvipeleka kwenye tezi za limfu, na huko limfosaiti aina ya T hufundishwa kuitambua saratani. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, R. H. Mole, aliipa jina hali ambayo uvimbe uliopigwa mionzi unapungua, na ule wa mbali usioguswa nao unapungua. Hali hiyo ni nadra, na mionzi yenyewe inaweza pia kuita seli zinazopoza kinga ndani ya uvimbe, kwa hiyo usimwahidi mama muujiza. Hata hivyo, kusema kwamba mionzi inaua kinga tu ni kusema nusu ya habari.

Mkazi wa Kongwa:

Dada, hili la kusubiri ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, madaktari hulenga tiba yote, pamoja na mionzi ya ndani (ambayo chanzo chake huwekwa kwa muda ndani ya mwili, karibu na uvimbe), ikamilike ndani ya wiki 8, kwa sababu seli za saratani zilizobaki huanza kuzaliana kwa kasi tiba inapokatika, na siku zinazopotea hupunguza uwezekano wa kupona. Limfosaiti huenda zikachukua miezi kupanda, na saratani haitazisubiri.

Kuhusu unga wa mizizi, sisplatini peke yake ni mzigo mkubwa kwa figo. Kumwongezea kitu ambacho hakuna ajuaye kiasi wala viambato vyake ni hatari, na hata vidonge vya vitamini asinywe bila kumwuliza daktari wake. Mpikieni chakula: mlenda wenye karanga, mayai yaliyoiva, maziwa yaliyochemshwa, na maji ya kutosha. Tumbo likianza kuharisha, jambo la kawaida kwa mionzi ya nyonga, awaambie wahudumu mapema. Na endapo anatumia dawa za kufubaza VVU, asiache hata siku moja.

Binti wa Mpwapwa:

Ahsanteni sana. Nimewasomea wazee majibu yote. Shangazi bado ananuna, lakini baba mdogo amekubali na atamsindikiza mama kwa treni. Ameuliza jambo moja: je, wajukuu wanaweza kupata mionzi kutoka kwa bibi yao wakilala naye?

Muuguzi Mstaafu:

Hapana. Mionzi ya mashine haibaki mwilini, na kwa mionzi ya ndani anayopewa mgonjwa wa mlango wa kizazi, chanzo chake huondolewa kabla hajatoka chumba cha tiba. Walale naye bila wasiwasi, isipokuwa mtoto mwenye mafua, kikohozi au tetekuwanga. Huyo akae mbali naye, kwa kuwa katika kipindi hiki bibi ndiye anayeweza kuambukizwa na mjukuu.