Maprofesa wawili redioni, na riba yangu iko pale pale: nimsikilize nani?

MamaSaruji
Heshima kwenu wakuu. Nina duka la vifaa vya ujenzi huku Kihonda, Morogoro: saruji, nondo, mabati, misumari ya kupima. Mwaka 2024 nilichukua mkopo benki kuongeza mzigo, riba asilimia 18 kwa mwaka. Julai 2025 nikasikia Benki Kuu imeshusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Nikafurahi peke yangu dukani, nikasubiri rejesho lipungue. Hadi leo halijapungua hata shilingi.

Sasa juzi nilikuwa napanga makopo ya rangi, redio iko juu ya friji la soda, wakaletwa maprofesa wawili wa uchumi. Wa kwanza anasema Benki Kuu inajivuta, ishushe zaidi, wafanyabiashara wadogo wanakufa. Wa pili anasema ikishusha zaidi shilingi itayumba, mafuta yatapanda, na hao hao wadogo ndio watakaoumia. Kila mmoja alimtaja "mama mwenye duka" kana kwamba ametoka kunywa chai kwangu asubuhi ile. Fundi mmoja aliyekuja kununua gundi ya mabomba akaniuliza, "Sasa mama, wewe uko upande gani?" Nikamwambia mimi niko upande wa rejesho, tarehe 28.

Naomba mnisaidie. Hawa watu wamesoma vitabu vile vile. Kwa nini hawakubaliani? Na mtu kama mimi ajue vipi nani anasema kweli?

Bichwa_Ngumu
Dada, maprofesa wana mshahara tarehe 25, wewe una rejesho tarehe 28. Hapo tofauti umeshaiona. Siku nyingine weka taarabu.

KisagioNakuru
Hapana, usiweke taarabu, dada. Huku Kenya tuliacha kuwasikiliza, tukaona.

Mwaka 2016 wengi tulikuwa tunalipa asilimia 18 na zaidi. Mbunge Jude Njomo akaleta mswada wa kuwafunga mabenki kamba: riba ya mkopo isizidi riba ya Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 4. Rais Uhuru akatia sahihi Agosti, sheria ikaanza Septemba 14. Mwezi huo huo riba ya Benki Kuu ikashushwa hadi asilimia 10, kwa hivyo mwisho wa mkopo ni 14. Tulishangilia, mimi nikiwa mstari wa mbele. Wanauchumi waliotuonya tuliwaita vibaraka wa mabenki. Gavana wa Benki Kuu yetu, Patrick Njoroge, naye alisema wazi haitaki hiyo sheria, tukamjumuisha humo humo.

Shemeji yangu ana mashine ya kusaga mahindi nje kidogo ya Nakuru. Alienda kukopa akiwa na matumaini ya hiyo 14. Benki ikamwambia karatasi zake hazitoshi, na mwaka uliotangulia zilikuwa zimetosha. Yaani kama benki haiwezi kumtoza zaidi ya 14, na serikali nayo inakopa kwa riba nzuri bila wasiwasi wa kutolipa, ya nini kuhangaika na mtu wa unga? Akaishia kwa mikopo ya simu, asilimia 7.5 kwa mwezi mmoja. Kwa mwezi, si kwa mwaka! Piga hesabu mwenyewe.

Na kuna kitu ambacho sikukielewa mpaka baadaye. Benki Kuu ikishusha riba yake, inataka watu wakope zaidi. Lakini kwa ile sheria, ikishusha, kikomo nacho kinashuka, benki inazidi kukataa wadogo. Dawa ikawa inafanya kazi kinyume. Tuliondoa kikomo Novemba 2019.

Lakini siwapi maprofesa alama zote. Walisema kikomo ni kibaya, wakakaa. Nani kati yao alikuwa amepiga kelele tulipokuwa tunanyongwa na 20?

MstaafuKimara
Binti yangu MamaSaruji, hili jambo si geni. Mimi nimelishuhudia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikiwa mwanafunzi, mwaka 1984 na 1985.

Wakati huo hoja ilikuwa thamani ya shilingi. Kwa bei ya serikali dola moja ilikuwa kama shilingi 17. Mtaani, kwa kujificha, ilizidi 100. Dukani hakuna kitu. Mama yangu kule Same alifulia majani ya mpapai kwa sababu sabuni ilikuwa ya foleni, na foleni yenyewe unaweza kuipanga siku nzima ukaambiwa imekwisha. Mwaka 1983 watu walikuwa wamekamatwa kwa uhujumu uchumi, wengine wakatupa mali usiku ili wasikutwe nayo.

Shirika la Fedha la Kimataifa likasema shusheni thamani ya shilingi. Mwalimu Nyerere hakutaka kabisa. Edwin Mtei, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alijiuzulu uwaziri wa fedha mwishoni mwa 1979 kwa jambo hilo. Kwa hiyo kulisema hadharani halikuwa jambo la kipindi cha redio na soda. Idara ya Uchumi ikaanza kuandaa warsha, akina Ndulu, Lipumba aliyekuwa ametoka Stanford, Wangwe, Msambichaka. Wakaweka tarakimu mezani: kwa 17 mnamwibia mkulima wa kahawa, maana dola yake mnaichukua kwa bei ya bure na kumpa mwenye kibali cha kuagiza. Wenzao wa upande wa siasa na sheria wakawavaa vibaya. Tuliokuwa vijana tulijaza ukumbi, na mimi, nakiri, nilipiga makofi kwa pande zote mbili jioni moja.

Mwaka 1986, Mzee Mwinyi akiwa ameshika nchi, makubaliano yakasainiwa. Dola ikawa 40. Kufikia 1990 ilikuwa karibu 200. Sabuni ikarudi, khanga zikarudi, sukari ikaonekana.

Je, wale wanauchumi walikuwa sahihi? Kwa sabuni, ndiyo, bila ubishi. Lakini mimi nilianza kazi serikalini wakati huo huo, na mshahara wangu ulikuwa unaisha siku ya kumi. Mmoja wa walimu wangu, mmoja wa waliotetea kushusha thamani, alikuwa anakuja darasani na trei za mayai kwenye buti la gari. Anafundisha nadharia ya fedha saa mbili, saa nne anauza mayai kwenye maegesho. Sijui kama umewahi kumuona mtu anakula matokeo ya hoja yake mwenyewe. Mimi nilimuona, na ndiyo sababu nilimwamini.

Ndulu mwenyewe baadaye alikuwa gavana, kuanzia 2008 hadi 2018.

MhadhiriKijana
Shikamoo mzee. Mimi nafundisha uchumi, kwa hiyo mnipige taratibu.

Dada, kwa nini hawakubaliani: kwa sehemu kubwa hawabishani juu ya kitabu. Wanabishana juu ya muda na juu ya nani aumie kwanza. Riba ikishuka leo, mikopo inaweza kuongezeka ndani ya miezi kadhaa, na bei za bidhaa zinafuata baadaye zaidi. Mmoja anatazama miezi ya mwanzo, mwingine anatazama mwisho wa safari. Wote wanaweza kuwa sahihi, ila si kwa siku moja.

Kuhusu kumpima msomi, mimi natumia kipimo kimoja. Anafanya nini akishakosea? Mwaka 1981 wanauchumi 364 wa vyuo vya Uingereza walisaini barua kwenye gazeti la The Times, wakimwambia Waziri Mkuu Thatcher kwamba sera yake ya kubana fedha na matumizi haina msingi. Uchumi ukaanza kukua mwaka huo huo, huku wasio na kazi wakiendelea kuongezeka hadi kupita milioni 3. Mpaka leo kila upande unadai umeshinda. Mmoja wa waliosaini, Mervyn King, alikuja kuwa gavana wa Benki Kuu ya Uingereza.

Marekani, 2010, watu 23, wakiwemo maprofesa wakubwa kama John Taylor, walimwandikia Bernanke, mkuu wa Benki Kuu ya huko, kwamba fedha anazoingiza kwenye uchumi zinaweza kuleta mfumuko wa bei. Mfumuko haukuja. Mwaka 2014 waandishi wa Bloomberg wakawatafuta: kati ya waliojibu, hakuna aliyekiri kukosea. Mwanauchumi Paul Krugman, aliyewacheka, naye akapuuza mfumuko uliokuja kweli mwaka 2021. Ila Julai 2022 aliandika kwenye safu yake kwamba alikosea, akaeleza wapi. Huyo nitamsikiliza tena hata nisipokubaliana naye.

Kipimo cha pili ni kifupi: muulize kama yuko kwenye bodi ya benki yoyote. Si dhambi kuwemo, ila aseme kabla hajaanza.

Sasa rejesho lako. Ile 5.75 ni mwongozo wa bei ambayo mabenki yanakopeshana yenyewe kwa yenyewe kwa siku 7. Benki Kuu ya Tanzania ilianza mfumo huu Januari 2024, kabla ya hapo ilikuwa inaongoza kwa wingi wa fedha. Robo ya asilimia pale juu haifiki Kihonda haraka, maana benki yako inaweka juu yake gharama ya amana, gharama ya matawi na hofu ya wasiolipa. Lakini kabla ya kumlaumu profesa yeyote, angalia mkataba. Riba yako ni ya kudumu au inabadilika?

MamaSaruji
Shikamoo mzee wangu wa Kimara. Asanteni wote, hata wewe Bichwa_Ngumu.

Jana usiku tumeutafuta mkataba na mwanangu, umeme ulikuwa umekatika, akanimulikia kwa simu. Uko kurasa tisa. Ukurasa wa nne, maandishi madogo: riba ni ya kudumu kwa kipindi chote. Sahihi yangu iko chini yake, nzuri kabisa. Kwa hiyo hata wale maprofesa wangekubaliana pale pale redioni, mimi ningelipa 18 ile ile. Imebaki miezi kumi na minne. Safari ijayo nitapiga simu kipindini niulize hilo la bodi.

Mzee, swali la nje ya mada: yule mwalimu, trei alikuwa anauza shilingi ngapi?

MstaafuKimara
Marahaba binti. Bei siikumbuki. Nakumbuka tu tuliokopa alituandika nyuma ya daftari la mahudhurio.