Tupeane uzoefu: kiuno cha doli na viuno vyetu sisi

FundiWaLangoni
Hamjambo wapenzi. Mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Amu (Lamu), mtaa wa Langoni, madera, nguo za Idi, magauni ya harusi, mwaka wa 14 sasa. Hiki kitu kimenikaa moyoni wiki nzima nikaona nikilete hapa tupeane uzoefu. Binti yangu alinijia na doli wake wa Barbie anataka ashonewe dera kama langu, nikasema haya, nikachukua futi nikampima kama mteja. Urefu inchi 11 na nusu, kiuno inchi 3. Hawa hutengenezwa kwa kipimo cha sehemu moja ya sita ya mtu, nikazidisha mara sita, nikapata urefu futi 5 na inchi 9 na kiuno inchi 18. Inchi 18 jamani! Hio mimi humpimia mtoto aliyeanza kutembea juzi. Kwenye daftari langu wateja ni 32, 36, 40, 44, na ni wanawake wazuri wallahi, wakipita njiani watu hugeuka.

Nilipokaa kwa cherehani nikaelewa kitu. Kitambaa cha doli ni kile kile chetu, unene haupungui eti kwa kuwa mvaaji ni mdogo, ukikunja kiunoni ukatia na lastiki ule mkunjo peke yake unamjaza. Kwa hivyo akiminywa kiuno ndio nguo inakaa. Msanifu mmoja wa Mattel, kampuni inayomtengeneza Barbie, alisema mwaka 2014 kuwa umbo lile ni la kumrahisishia mtoto kumvisha na kumvua, na mimi kama fundi namwelewa kabisa. Lakini mtoto kitu cha kwanza anamvua! Halafu anabaki kutazama ule mwili, siku baada ya siku, tangu ana miaka mitatu.

Na mimi mwisho wake naouona mezani kwangu. Mwanamke nikimzungushia futi tu anavuta tumbo ndani, anaziba pumzi, macho juu, naandika 34, baada ya wiki anarudi gauni halifungi zipu na analia, anaulaumu mwili wake, si mimi wala si kile kipimo. Wengine ni wasichana wa miaka 16. Nyinyi mlikulia na nini? Semeni.

BintiMaweni
Dada umenigusa. Mamangu alifanya kazi kwenye nyumba ya Wataliano hapa Malindi, madoli yetu yalikuwa ya kupewa, kiatu kimoja, nywele zishakatwa na mtoto wa mwenyewe. Nilimpenda yule doli mpaka nikawa nataka kuwa yeye. Nikiwa darasa la sita nilikuwa najifunga leso ya mama kiunoni, naivuta mpaka mwisho, nalala nayo. Asubuhi naamka tumbo limechorwa mikunjo ya leso, hata lile fundo limeacha alama. Hakuna aliyenikataza manake hakuna aliyejua. Siku ya kupamba kwenye harusi yangu nilivaa koseti, nikaishiwa pumzi nimekaa pale juu mbele ya watu, shangazi akanichukua ndani akaikata kwa makasi. Nimezaa watoto watatu na bado nikipita kwenye kioo navuta tumbo.

MjukuuWaMkomani
Poleni sana. Bibi yangu (Mungu amrehemu) aliponiona na doli kama huyo alimshika akamgeuza geuza, akamtia kidole pale kiunoni, akauliza, "Chakula hungia wapi hapa?" Alikuwa anauliza kweli. Zama zake walishona watoto wa matambara, leso kuukuu unajaza sufi, unamtundia shanga za kiunoni, na shanga zikae lazima pawe na nyonga za kuzishika. Na akanihadithia vile bibi arusi alikuwa akifichwa ndani, apigwe singo (asuguliwe mwili kwa manukato), ale, atoke amejaa. Sisi sasa bibi arusi anashinda na njaa mwezi mzima.

BabaWaWawili
Mimi mwanamume lakini naomba nichangie, nina mabinti wawili hapa Malindi. Nilidhani nimepata dawa, dada yangu yuko Dubai nikamwambia alete Fulla, yule doli wa Uarabuni aliyetoka 2003, ana buibui na mtandio wake. Nikafurahi kwa sababu ya stara. Mkubwa akamvua lile buibui, chini yake kiuno ni kile kile chembamba. Akaniuliza, "Baba, mbona mama hayuko hivi?" Nilinyamaza. Mke wangu alikuwa jikoni na alisikia, na mpaka leo inaniuma kwamba sikujibu kitu.

MwalimuChekechea
Ami, jibu bado unaweza kumpa. Mwaka 1996 kuna watafiti wa Australia walikadiria kuwa umbo kama la Barbie hupati hata mwanamke mmoja katika laki moja. Na utafiti wa Uingereza uliotolewa 2006 uliwaonyesha wasichana wadogo, miaka mitano mpaka minane, picha za Barbie, wakatoka hawaipendi miili yao na wanataka kukonda kuliko wenzao waliotazama picha nyingine. Miaka mitano! Hao ndio ninaowafundisha.

2016 Mattel walitoa maumbo matatu mapya, mmoja mrefu, mmoja mfupi, na mmoja wa nyonga na mapaja. Nimemweka darasani huyo wa nyonga. Mtoto mmoja alihangaika kumvalisha nguo ya yule wa zamani, ikakataa kupita mapajani, nikajua sasa atasema doli mnene. Akaniletea akaniambia, "Mwalimu, hii nguo ndogo." Nilikaa chini.

FundiWaLangoni
Ahsanteni sana, nimewasoma wote nalia na ninacheka. Mwalimu, nitumie vipimo vya huyo doli wako nimshonee madera mawili, bure. BintiMaweni mamangu, ukija Amu pita kwangu.

Jana alikuja mteja, msichana wa chuo, akavuta tumbo kama kawaida. Niliiweka futi mezani nikamwambia sipimi mpaka upumue, tukae, nikamletea maji, tukazungumza habari za mamake. Nilipompima tena 34 ikawa 37. Nimeandika 37, na nimemwachia inchi moja ya kula pilau.