Siku moja Kampala na kijana anayetaka usanifu majengo: Makumbusho ya Kitante au Kasubi?

MamaArua
Habari zenu wadau, naomba ushauri wa haraka. Kijana wangu amemaliza S6, yaani kidato cha sita, na ameshikilia kwamba atasomea usanifu majengo, hapa nyumbani anachora nyumba mpaka nyuma ya risiti za duka. Wiki ijayo tunashuka Kampala kwa ajili ya fomu zake, tukimaliza tutabaki na siku moja nzima kabla ya basi la usiku kurudi Arua. Nataka hiyo siku iwe ya majengo tu, siyo ya kuzunguka maduka. Nilitafuta kama kuna makumbusho ya usanifu peke yake pale mjini sikuona, sasa naona ni kuchagua kati ya Makumbusho ya Uganda pale Kitante, makaburi ya wafalme Kasubi, na lile hekalu la Wabahai Kikaya. Kaka yangu anasema twende msikiti mkubwa wa Old Kampala tupande mnara lakini mimi magoti hayanikubali ngazi nyingi. Hela ni ya kuhesabu. Mngekuwa nyie mngempeleka wapi?

fundi_busia
Mama shikamoo. Mimi ni fundi mwashi, miaka mingi sasa, na nakwambia bila kuzunguka mpeleke Kitante. Watu wengi wakienda pale wanaangalia ngoma na mikuki ndani ya vioo alafu wanatoka, hawajui kwamba kitu kikubwa kuliko vyote pale ni hilo jengo lenyewe. Lilichorwa na Mjerumani Ernst May likafunguliwa 1954. Huyu mzee kabla ya kufika huku alikuwa ameshajenga maelfu ya nyumba za wafanyakazi kule Frankfurt kati ya 1925 na 1930, akaenda Umoja wa Kisovieti, 1934 akaja Tanganyika kulima, baadaye ndo akafungua ofisi Nairobi. Na mpango wa kupanua Kampala upande wa Kololo na Naguru miaka ya 1940 ni yeye aliuchora.

Sasa kwa nini nasema kijana aende. Makumbusho ina shida moja, vitu vya zamani vya ngozi na miti na magome havitaki joto wala unyevu, na 1954 hakukuwa na hizi mashine za baridi za kuweka kila ukuta. May akafanya jengo lenyewe ndo lipumue, matundu ya hewa yako juu, hewa ya moto inapanda inatoka na mwanga unashuka kutoka juu bila jua kupiga vitu moja kwa moja. Ukisimama mle saa saba mchana utasikia mwenyewe. Mimi nikijenga siku hizi mteja anataka vioo ukuta mzima kama alivyoona kwenye simu, alafu baada ya mwaka ananipigia simu eti nyumba ni tanuri, na nilimwambia. Kijana akiingia darasani tayari ameelewa hiyo habari ya hewa atakuwa mbele ya wenzake wengi.

BintiMengo
Kaka fundi nakubali ya Kitante lakini Mama tafadhali usimpitishe mtoto Kampala bila Kasubi, hapana. Jengo la Kitante lilichorwa na mtu aliyetoka mbali, zuri, sikatai. Kasubi ni sisi wenyewe. Nyumba ile kubwa, Muzibu-Azaala-Mpanga, Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Muteesa I aliijenga 1882 kama ikulu yake, alipofariki 1884 akazikwa mle ndani ikawa kaburi, na baada yake wakazikwa Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa II, jumla wafalme wanne. Duara lake mita 31 upande mpaka upande. Zote nyasi, miti, matete na lubugo, ile nguo ya magome ya mti.

Mimi niliingia nikiwa mdogo, na bibi yangu, kabla ya moto wa 16 Machi 2010. Tulivua viatu nje, tukakaa kwenye mikeka miguu imekunjwa upande, na nilipoinua kichwa nikaona zile pete za matete na makuti zinapanda duara juu ya duara zinazidi kuwa ndogo mpaka zinapotea kwenye giza la juu. Bibi akaninong'oneza hesabu, ziko 52, kila ukoo wa Buganda una pete yake, akaninyooshea kidole akisema ya kwetu ni ile. Mbele kulikuwa na pazia la lubugo na nyuma yake ndo "kibira", msitu, maana kwetu Kabaka hafi, anaenda msituni. Nilikaa kimya siku nzima ile. Ilipoungua bibi alilia kama amefiwa mara ya pili.

Sasa imesimama tena, na 2023 UNESCO wakaitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini walikoiweka 2010. Mambo mawili tu. Vaa sketi ndefu au gomesi, siyo suruali. Na mkifika mlangoni ulizeni siku hiyo mgeni anaruhusiwa kufika wapi, pale ni mahali pa ibada na mila kabla ya kuwa mahali pa watalii, kuna wanawake wa nyumba ya kifalme wanaishi pale wanatunza.

fundi_busia
Dada sina ugomvi na Kasubi, naiheshimu. Ila kwa mwanafunzi ajue pia kwamba ile iliyoungua haikuwa miti na nyasi tupu, mwaka 1938 waliingiza vyuma na nguzo za zege ndani. Siyo vibaya, ni kwamba asije akaandika kwenye mtihani kwamba ilisimama kwa miti peke yake.

BintiMengo
Kweli, hilo ni kweli, na wazee wanalijua. Lakini kuezeka hakukubadilika kaka. Ukoo wa Ngeye ndo wenye kazi ya kuezeka, baba anamfundisha mtoto, na ndiyo maana baada ya moto kazi ilichukua miaka, huwezi kuita kampuni yoyote ikaja na ngazi zake. Kijana akiona ukingo wa lile paa kwa karibu ataelewa.

mpwani_kla
Salamu wote. Mimi mtu wa Mombasa, nafanya biashara hapa Kikuubo mwaka wa tisa. Nimesoma hapo 1882 nikakumbuka kitu. Mwaka uliofuata, 1883, Sultani Barghash akajenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, pale Unguja, Mji Mkongwe. Yaani fikiria, wafalme wawili wakati mmoja, na hawa walikuwa wanajuana kwa biashara, misafara ilikuwa inatoka pwani mpaka kwa Muteesa, mmoja anajenga ikulu kwa nyasi na matete mwingine anajenga kwa mawe ya matumbawe na nguzo za chuma, na jumba lake likaja kuwa la kwanza Unguja kuwashwa umeme. Mimi nilipita pale mara nyingi, ile baraza ya chini ukikaa jioni upepo wa bahari unakuja wenyewe. Alafu 25 Desemba 2020 wako kwenye matengenezo upande mmoja ukaporomoka, mafundi wawili wakafa, Mungu awarehemu.

Nalisema kwa sababu watu wanafikiri cha nyasi ndo dhaifu na cha mawe ndo cha milele. Moja limeungua moja limeanguka, miaka kumi kati yao. Kasubi imerudi kwa sababu watu wa kuijua kazi walikuwa bado wapo. Siku ukipata hela ya safari Mama mpeleke kijana Mji Mkongwe na Lamu, lakini kwa siku moja na basi la Arua linasubiri, mimi nasema Kasubi kwanza.

bombo_nubi
Assalam alaykum. Kuhusu Old Kampala, msikiti ulianza kujengwa 1972 wakati wa Amin ukakaa muda mrefu haujaisha mpaka ukafunguliwa 2008. Mnara ndo mahali pazuri kuliko pote kuelewa huu mji, unaona kila kilima na nyumba yake ya ibada juu, Namirembe, Rubaga, Kibuli, unaelewa Kampala ilivyojengwa kwa vilima. Lakini kama magoti yanasumbua kijana apande wewe ukae chini kwenye kivuli, wakina mama wanapewa nguo ya kujifunika mlangoni hakuna shida. Tena kilima hicho hicho ndo ilikuwa ngome ya Lugard, yule mkoloni Mwingereza, na makumbusho yalipoanza 1908 yalianzia pale ngomeni, Kitante yalikuja baadaye sana.

Namirembe pia usiidharau. Kanisa moja la mwanzo liliharibiwa na dhoruba 1894, lililofuata wakaogopa mchwa wakalibomoa, lililofuata hilo likapigwa radi 1910 likaungua, hili la matofali la 1919 ndo limebaki.

wandegeya_studio
Mimi niko mwaka wa tatu, usanifu, kwa hiyo naongea na mdogo wangu mtarajiwa. Mama, kosa nililofanya mimi nilipokuja ni kukimbia sehemu sita siku moja na simu mkononi, nikarudi na picha mia nne na sikuwa nimejua chochote. Chagueni mbili. Kitante asubuhi, Kasubi mchana. Kikaya ni pazuri sana, hekalu la 1961, la kwanza Afrika kwa Wabahai, pande tisa milango tisa, bustani kubwa, kuingia bure, ila ni barabara ya Gayaza na foleni ya Kalerwe itakula saa zenu mbili, acheni.

Cha muhimu abebe daftari na penseli na futi ya fundi. Pale Kitante asianze na vitu vya ndani, azunguke nje kwanza na dira ya simu aangalie kuta ndefu zimeelekea wapi na jua liko wapi, huku kwetu ikweta jua la asubuhi na la jioni ndo adui, la saa sita liko juu ya paa. Alafu nyuma ya jengo kuna kijiji cha utamaduni, vibanda vya makabila mbalimbali ya nchi, hapo akae muda mrefu. Asichore umbo tu, achore paa linavyokutana na ukuta kwenye kila kibanda, atakuta hakuna mbili zinazofanana na kila moja ina sababu, mvua, upepo, ng'ombe, nyasi zinazopatikana huko. Akitoka hapo kwenda Kasubi anaona kibanda kilekile kimekua kikawa ikulu.

Na mwaka 2011 kulikuwa na mpango wa kujenga mnara wa biashara wa ghorofa 60 kwenye ule uwanja wa makumbusho, watu wakapinga mpaka mahakamani. Mwambie tu, ajue jengo linaweza kutetewa.

bombo_nubi
Na Namugongo je? Kanisa la mashahidi, wale waliouawa kwa ajili ya imani yao.

wandegeya_studio
Ah Namugongo ningeiweka ya tatu wakirudi tena. Ya Justus Dahinden, Mswisi, iliwekwa wakfu 1975, alichukua umbo la nyumba ya Kiganda akalifanya kwa chuma na nguzo 22 za shaba, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Inafaa uione BAADA ya Kasubi, ukianza nayo utafikiri yeye ndo aliligundua lile umbo.

MamaArua
Nimerudi wadau, tulifika Arua jana, asanteni sana sana. Tulifuata ya wandegeya, Kitante asubuhi Kasubi mchana.

Kitante kijana alizunguka nje na dira mpaka askari akaja kuuliza anatafuta nini, alipoelezwa alifurahi akamwonyesha matundu ya juu ambayo njiwa wanapenda. Ndani nilikaa kwenye benchi, jua nje kali la saa sita, na kweli fundi, nilikuwa na leso mkononi ya kujifuta sikuitumia. Kwenye vibanda nyuma tulikaa saa nzima na nusu. Tulikuta nyumba ya huku kwetu West Nile, nikamweleza marehemu baba yangu alivyokuwa anachagua nyasi za kuezekea, anakata zikishakauka zenyewe shambani na anazigonga chini sehemu ya kukatia ziwe sawa, na mwanangu akaandika yote, miaka kumi na tisa niko naye sikuwahi kumwambia hayo.

Kasubi nilivaa gomesi ya dada yangu. Mlangoni kwenye ile nyumba ya kuingilia, Bujjabukula, mzee mmoja alimwona na daftari akamwita asogee, akamshika mkono akauweka kwenye ukingo wa paa. Kijana akasema mama njoo. Nikasogea. Nyasi zimefungwa unene unaozidi mkono wangu kutoka kwenye kiganja mpaka kiwiko, zimekatwa sawa kama brashi, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi lakini ukiingiza vidole kidogo tu ndani ni kavu kabisa. Mzee akasema maji hayaingii kwa sababu yanateremka juu ya nyasi moja yanapokewa na inayofuata, yakitulia tu ndo yanaozesha nyasi, ndiyo maana paa lazima lisimame mwinuko.

Kijana ameniuliza huko ndani ya basi kama naweza kumpeleka kwa mjomba wangu Koboko ambaye bado anaezeka. Nimempigia mjomba, anasema nyasi zitakuwa tayari Desemba.

fundi_busia
Desemba mimi niko likizo. Mama, mwulize mjomba kama atanipokea na mimi.