Vipimo vya wateja viko Google Keep, nataka kuvihamishia Obsidian bila kupoteza kitu

fundi_pasiansi

Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni fundi cherehani niko Mwanza, tangu 2018 vipimo vya wateja wangu vyote naweka Google Keep, ile programu ya noti ya Google, kwenye simu. Mteja akija namvuta futikamba naandika bega, kifua, kiuno, hipsi, mkono, urefu, napiga picha ya kitenge chake na picha ya mshono anaoutaka, basi, nikikata nafungua simu nasoma. Sasa nimepata laptopu ya mtumba na nataka hivi vitu viwe mafaili yangu kabisa, yaani hata bando likikata nakaa mezani nafungua kwenye skrini kubwa, maana kusoma namba kwenye simu huku mkono mwingine una mkasi ni taabu. Kijana mmoja hapa jirani akaniambia weka Obsidian, programu ya noti inayohifadhi kila noti kama faili kwenye kompyuta yako, nikaweka, nimeipenda.

Shida ni kuhamisha. Nilianza kukopi moja moja, jioni nzima nikafikisha noti 40 na picha hazifuati, halafu kibaya zaidi nikakopi hipsi 44 ya mama mmoja nikaibandika kwenye jina la binti yake ambaye ana 37. Nimekata kitambaa ndo nashtuka. Bahati ilizidi haikupungua, nikabana pembeni nikamaliza, ila nilitoka jasho.

Kuna njia ya kuhamisha zote kwa mkupuo? Na je picha zitakuja? Nina lebo za Harusi, Sare na Kwaya, nazo zitakuja? Na tarehe, hii kwangu ni kubwa, kipimo cha mwaka juzi siwezi kukitumia leo, watu wananenepa.

kahawa_na_kodi

Mkuu acha kukopi kwa mkono, utashona watu wawili kwenye gauni moja.

Ingia Google Takeout, ni sehemu ya Google ya kupakua nakala ya vitu vyako, kwa akaunti ileile ya Keep. Ukifika utakuta kila huduma imewekwa tiki, toa tiki zote kwanza, usipotoa utaletewa picha zako zote na imeili zako zote na bando litakwisha hujaona hata noti moja. Baki na Keep tu. Chagua zipu, omba. Wanakutumia linki kwenye imeili, ipakue mapema maana ina siku zake, ikipita inabidi uombe upya. Ndani ya zipu kila noti ina mafaili mawili, moja HTML la kusoma kwenye brauza na lingine JSON, hilo la pili ndo lenye nyama: jina la noti, maandishi, lebo, tarehe iliyoundwa, tarehe uliyohariri mara ya mwisho, na picha zipi ni za noti ipi.

Kwenye Obsidian nenda setingi, sehemu ya plagini za jamii (programu ndogo za nyongeza), tafuta Importer, wameitengeneza wenyewe na ni bure. Ukiifungua chagua Google Keep, mpe ile zipu kama ilivyo, huna haja ya kuifungua. Picha zinakuja, lebo zinageuka kuwa tagi, na zile orodha za kuweka tiki zinabaki orodha za tiki. Usiingize kwenye folda unayotumia sasa hivi, tengeneza mpya tupu uite Majaribio, ikiharibika unafuta unaanza tena. Na Keep USIFUTE KITU mpaka upite msimu mmoja mzima wa kazi, Krismasi au Idi, ndo utajua kama kuna kilichobaki nyuma.

mzee_wa_daftari

Mimi nashona suti tangu 1996. Daftari, kalamu ya wino, nimemaliza. Halijawahi kuniuliza pasiwedi wala kuniambia hifadhi imejaa.

kahawa_na_kodi

Na panya je mzee 😂

mzee_wa_daftari

Panya alikula la 2004. Ila aliacha kurasa za katikati.

mwalimu_likoni

Fundi, mimi nilihama hivyo hivyo mwaka jana, noti za kufundishia. Mwenzangu amekueleza vizuri, sina la kuongeza kwenye hatua, ila kuna mambo mawili hukuyauliza na ndiyo yaliyonila mimi.

La kwanza picha. Uliwahi kupiga picha ukurasa wa daftari ukaweka Keep, kisha ukatafuta jina na ile picha ikatokea? Keep inasoma maandishi yaliyo ndani ya picha. Ukiihamisha, picha inakuja salama salimini lakini sasa ni picha tu. Obsidian haisomi ndani ya picha ila uongeze plagini nyingine ya kazi hiyo, na mwandiko wa mkono hata hiyo plagini huusoma kwa kubahatisha. Mimi nilikuwa na picha za ubao zaidi ya mia mbili, nikidhani nimepoteza, kumbe zipo, ila hakuna neno la kuziitia. Basi kabla hujahama pitia Keep, kila picha ya daftari iandikie jina la mteja pale chini kwa maandishi. Inachosha lakini ukishahama inachosha mara mbili.

La pili tarehe. Ndani ya JSON haiandikwi kama tunavyoandika sisi, ni namba ndefu, inahesabu maikrosekunde tangu mwanzo wa 1970. Ukikuta 1700000000000000 toa sifuri sita za mwisho, zinabaki sekunde, na hiyo ni 14 Novemba 2023 saa 22:13 kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa. Sasa kwetu ongeza masaa matatu, inakuwa tarehe 15 saa saba na dakika kumi na tatu usiku. Kwa hiyo usishtuke tarehe ikiruka siku moja. Na usiitegemee ile tarehe ya faili inayoonyeshwa na kompyuta, ukilikopi faili kwenye flashi tu tarehe ya kuundwa inabadilika kuwa ya leo. Tarehe iandikwe ndani ya noti yenyewe, mstari wa juu, hapo hakuna wa kuigusa.

fundi_pasiansi

Asanteni sana, na kahawa mimi ni dada siyo mkuu wa kiume, ila sijali 😄

Nimefanya. Zipu ilikuja baada ya nusu saa hivi. Nimefungua kwa kutazama tu, nikatafuta *.json kwenye folda kompyuta ikaniambia 1,126. Sikujua nimeshonea watu wengi hivyo. Nikaingiza Obsidian kwenye folda ya Majaribio, picha zimekuja, lebo zimekuja. Lakini nikihesabu mafaili ya *.md, yaani noti zenyewe za Obsidian, napata 1,071. 55 zimeenda wapi?

Na kingine, karibu nusu ya mafaili hayana jina la mteja, yana tarehe tupu ndefuuu, kitu kama 2021-04-09T15_20_11 na vikorokoro. Nafungua moja ndani nakuta hivi:

Mama wa duka la unga
bega 16 kifua 42 kiuno 36 hipsi 46
mkono robo tatu, ANATAKA MFUKO

kahawa_na_kodi

Samahani dada fundi 🙏

Hizo za tarehe ni kwa sababu ulikuwa unaandika jina la mteja kwenye mwili wa noti badala ya ile sehemu ya kichwa. Noti isiyo na kichwa inapewa tarehe iwe jina la faili. Usiichukulie vibaya, kwa hizo tarehe yako imeshikwa kwenye jina kabisa, zenye vichwa ndo za kuhangaikia. Kutafuta haisumbui, andika "duka la unga" kwenye sehemu ya kutafuta inakuja. Ukitaka nakuandikia kiskripti kidogo cha Python, kinachukua mstari wa kwanza kinaufanya jina la faili, na kinaandika tarehe ya JSON juu ya noti. Utakijaribu kwenye nakala, siyo kwenye folda yenyewe.

Kuhusu 55, pale kwenye Importer kuna sehemu ya tiki ya noti zilizowekwa kwenye kumbukumbu (archive, zilizofichwa bila kufutwa), na nyingine ya zilizofutwa ambazo bado ziko kwenye pipa. Uliweka?

fundi_pasiansi

Sikuweka. Niliona lakini nikaona kama siyo muhimu.

mwalimu_likoni

Basi hizo ndizo. Rudia kwenye folda nyingine tupu, weka tiki zote mbili, kisha uhesabu tena. Zilizofutwa utazitoa baadaye kwa macho yako mwenyewe.

Na kwa simu, ukishamaliza, usilipie chochote kwanza. Weka Syncthing kwenye laptopu na Syncthing-Fork kwenye simu ya Android, uziunganishe kwa Wi-Fi moja, folda inajinakili yenyewe pande zote mbili, haipiti intaneti vikiwa pamoja kwa hiyo bando haliguswi. Kwenye simu kuna mahali pa kuchagua ifanye kazi kwenye mtandao gani, pitia hapo. Ila usihariri noti moja kwenye simu na laptopu kwa wakati mmoja kabla hazijaonana, utapata nakala mbili za mteja mmoja, na wewe tushajua ya hipsi.

mzee_wa_daftari

Mwalimu hicho kitu cha Wi-Fi bila bando kinasoma picha za daftari? Naulizia mtu.

fundi_pasiansi

Jamani 1,126 kwa 1,126, imetimia. Kahawa kiskripti nakisubiri, nimeshatengeneza nakala kwenye flashi mbili, moja nimempa mdogo wangu akae nayo nyumbani.

Na zile 55 nimekumbuka ni nini. Mteja akichukua nguo hajamaliza hela, nilikuwa naitupa noti yake kwenye kumbukumbu ili isinichanganye na kazi zinazoendelea, nikisema nitarudi. Sikurudi. Sasa hivi nimekaa nazisoma moja moja, kuna mwenye sare sita za kwaya za 2019 amebakiza elfu arobaini na tano, na kuna gauni mbili picha nikizitazama nazijua, hazikuchukuliwa kabisa, ziko kwenye begi juu ya kabati. Namba za simu ninazo. Ngoja kwanza nizipige pasi.