Lokesheni ya laivu imewaleta wezi kwangu, halafu naambiwa nina gubu!

Wakuu habari za jioni, leo sijaja kuomba ushauri nimekuja kulalamika, asiyetaka kelele apite.

Ijumaa iliyopita tulikuwa na safari ya Tanga, harusini kwa ndugu wa mke wangu. Tukakodi Noah, dereva hapajui kwangu Goba, na mnaijua Goba yetu, barabara za ndani hata mwenyeji anapotea. Sasa shemeji yangu, saa kumi alfajiri, badala ya kumtumia dereva lokesheni inboksi akaitupa kwenye grupu la kamati ya harusi. Watu 212!! Na si pini ya kawaida jamani, ni ile ya laivu. WhatsApp inakupa uchague dakika 15, saa 1 au saa 8, yeye akabonyeza saa 8 eti "isije ikakata dereva akiwa njiani".

Kwa hiyo watu 212, ambao nusu yao wameingizwa wachange elfu hamsini na hakuna anayejua ni akina nani, wameona kidoti kimesimama juu ya paa langu usiku, halafu kimeanza kutembea, Mbezi, Kibaha, Chalinze. Tena kuna namba haijaseviwa iliandika kabisa "naona mshafika Chalinze, safari njema 🙏" na mimi mjinga nikajibu amina. Msichana wa kazi tulikuwa naye kwenye gari, mtoto tulikuwa naye, nimebakiza nini nyumbani? Kuku.

Jumatatu tunarudi kufuli limekatwa. Tivii nchi 55 hakuna, mtungi wa gesi mkubwa hakuna, cherehani ya mke wangu hakuna. Rimoti wameiacha, tena wameiweka vizuri juu ya kitambaa cha meza kama inasubiri mwenyewe. Ile rimoti ndiyo imeniuma kuliko tivii.

Sisemi mwizi ni fulani wa kwenye grupu, ushahidi sina. Ile namba ya safari njema imeleft, lakini watu huwa wanaleft harusi ikiisha. Ninachosema ni hivi, mwizi zamani alikuwa anahangaika kupita mtaani wiki nzima anaangalia taa zinawaka au haziwaki, leo tunamfanyia hiyo kazi bure na bando tunanunua wenyewe.

Na msiniambie ni ushamba wa Kibongo. Kim Kardashian aliingiliwa hotelini Paris mwaka 2016 akafungwa kamba, vito vya mamilioni ya dola vikaondoka, na ana mabodigadi yule, wezi walikuwa wanamfuatilia mtandaoni. Wanajeshi wa Marekani nao 2018 ilikuja kuonekana mazoezi yao ya kukimbia yamechora kambi zao kwenye ramani ya Strava, ile app ya kurekodi mazoezi, jangwani giza tupu halafu kambi inang'aa. Wenye silaha imewakuta, sembuse mimi mwenye panga moja la kufyekea majani?

Kituoni nimeandikisha, RB ninayo, afande ananiuliza "kwani mliwaaga?" Nikakosa jibu, maana ndiyo, tuliwaaga. Ipo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, nimeisoma jana usiku kwa hasira, sasa nikamshtaki nani, shemeji? Nyumba si yake, aliyempa ruhusa ya kuianika ni nani? Nilipomuuliza kalia, mama mkwe kapiga simu kwamba nina gubu, tivii inanunulika undugu haununuliki. Sawa mama, tuma basi hela ya tivii.

Sasa leo asubuhi nimeingizwa grupu jipya, kitchen party ya binamu yao. Ujumbe wa kwanza wa admini: "wanakamati naomba kila mmoja atupie lokesheni ya kwake tupange usafiri". Hadi naandika hapa washatupia 19. Nimeleft, na mke wangu haongei na mimi tangu mchana.